Mizani ya Meza ya Pili

"Mimi nimekuja kuwaona nyinyi," alisema Nafula akivua viatu mlangoni. "Yule mzee sina haja naye. Na mazishini siendi, msiniandike."

Tulikuwa watu tisa katika sebule ya mwenzetu mmoja huko mtaa wa Fedha, wanafunzi wa zamani wa shule moja ya kutwa, sote sasa tuna miwani ya kusomea na magoti yanayolalamika. Tulikuwa tumekutana kwa sababu Mwalimu Mutiso, aliyetufundisha fizikia, alikuwa amefariki. Mezani palikuwa na chai, viazi vitamu na njugu, na mwenye nyumba alizunguka na birika akijifanya hakusikia kitu. Wengine walidhani Nafula ana kinyongo cha viboko, maana marehemu alikuwa na mkono mwepesi, na mmoja akajaribu kumtania: "Nafula, ni viboko vya mwaka gani hivyo bado vinakuwasha?" Nafula akacheka kidogo, akaketi kando yangu, akanishika mkono. "Muulizeni Shiru," akasema. "Yeye alijaribu kunitetea, mzee akakataa kumsikiliza." Nilikuwa na kiazi kinywani. Nikatikisa kichwa kukubali.

Kwa hiyo nitaueleza mwaka ule kama nilivyouona, ingawa sehemu kubwa yake niliipitia nikiwa nimechanganyikiwa, na sidhani kama kuchanganyikiwa kwenyewe kumeisha hadi leo. Tulikuwa kidato cha tatu, katikati ya miaka ya tisini. Maabara yetu ilikuwa chumba kirefu nyuma ya shule, kilichowahi kuwa karakana ya useremala kabla ya kuwekewa masinki, na masinki yenyewe hayakuwahi kuona maji. Kulikuwa na meza nne nzito zilizochongwa majina ya watu waliotutangulia, kabati la vifaa ambalo ufunguo wake ulikaa mfukoni mwa Bwana Otieno, mtunza maabara, na dirisha lililotazama jikoni, hivi kwamba kuanzia saa nne asubuhi fizikia yote ilinukia maharagwe. Mwalimu Mutiso alikuwa mtu mwembamba wa shati jeupe, mwenye tabia ya kuuliza swali kisha kunyamaza dakika nzima akikutazama. Kile kimya chake kilinitisha kuliko fimbo.

Jaribio lenyewe, ukiliangalia tu, ni kitu cha kitoto. Unachukua pete ndogo na kuifunga nyuzi tatu. Uzi mmoja unaning'iniza uzito chini. Nyuzi mbili zinapanda juu, mmoja kushoto na mmoja kulia, kila mmoja ukishikwa na mizani ya springi. Pete ikitulia, isiende huku wala kule, unasoma mizani, unapima pembe, unaandika. Baada ya hapo, na hapo ndipo nilipopotelea, unatakiwa kuigawa kila nguvu ya mshazari iwe mbili: sehemu ya kulala na sehemu ya kusimama. Sehemu za kulala, ya kushoto na ya kulia, lazima zilingane. Za kusimama ukizijumlisha lazima zilingane na uzito ulioko chini. Ukipata hivyo, umefaulu.

"Mwalimu," niliuliza siku ya kwanza, "uzi ni mmoja. Huyo anayevuta kwa kulala ni nani?"

"Hakuna."

"Na anayevuta kwa kusimama?"

"Hakuna pia. Uzi ni mmoja na unavuta mshazari."

"Sasa hizo mbili zimetoka wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akangoja mpaka kikaisha. "Wewe ukitoka hapa kwenda Majengo," akasema, "unakata njia moja kwa moja, sivyo? Mwingine anaenda kwanza magharibi, halafu anakunja kaskazini. Mnakutana palepale. Ina maana nawe umeenda magharibi kiasi fulani, na kaskazini kiasi fulani."

"Lakini Mwalimu, mimi nikikata moja kwa moja sijaenda magharibi."

"Umeenda," akasema. "Hukujua tu."

Niliketi. Niliandika saini na kosaini kama mtu anayenakili namba ya nyumba asiyoijua, na usiku nikalala nikijiuliza mtu anawezaje kwenda mahali bila kujua. Nilichukia kutoelewa. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Nafula, niliyekaa naye dawati moja, alielewa mara moja na hakuona kwa nini ni jambo la kusumbua kichwa. Alikuwa msichana mrefu, mwenye sauti nzito, aliyetembea kila asubuhi kutoka Mukuru kwa Njenga na kufika kabla yetu sisi wa Jericho, majirani wa shule. Alitaka fizikia kuliko kitu chochote. Kulikuwa na karakana moja Industrial Area iliyoahidi kuwachukua wasichana kujifunza kazi ya umeme, na sharti lao lilikuwa moja tu: uwe umefanya fizikia kwenye mtihani wa mwisho. Mwalimu Mutiso naye alikuwa ametangaza kwamba vifaa havitoshi, kwa hiyo mwisho wa muhula wa pili angechagua wanafunzi ishirini wa kuendelea na somo lake. Nafula alitaka kuwa mmoja wa hao ishirini kwa sababu ya umeme. Mimi nilitaka tu nisiwe miongoni mwa watakaokatwa.

Shuleni kwetu kulikuwa na elimu nyingine isiyokuwa kwenye silabasi, nayo ni kupika. Kupika ni kuandika matokeo ambayo hukuyapata. Wakubwa wa kidato cha nne walitufundisha kwa uvumilivu ambao walimu hawakuwa nao. Usiandike namba zilizonyooka kabisa, mwalimu atashtuka. Ongeza sehemu moja ya kumi hapa, punguza pale. Futa namba moja, uiandike upya, ionekane ulisita. Badilisha kalamu katikati ya jedwali. Mwalimu Mutiso alizijua mbinu hizo zote na alizichukia kama mtu anavyochukia kunguni. "Nitakayemshika amepika," alisema, "fizikia ataisikia kwa redio."

Siku ya jaribio, mimi na Nafula tulipewa meza ya tatu. Nilishika kipimapembe, yeye akasoma mizani. Uzito wa chini ulikuwa nyutoni tano. Mizani ya kushoto ilisema mbili na nusu, ya kulia ikasema tatu nukta tisa.

"Soma tena," nikamwambia.

"Tatu nukta tisa, manze. Ama unataka nikuongezee?"

Tukagawa. Kwa hesabu yetu, kushoto kulivuta kuliko kulia, na sehemu za kusimama hazikufika tano. Kwa maneno mengine, pete ilitakiwa iwe inateleza kuelekea kushoto na kushuka chini. Tukainama, pua zetu zikakaribia kugusana, tukaitazama. Ilikuwa imetulia tuli. Tukabadilisha pembe, tukapima mara ya pili na ya tatu, na kila mara karatasi ilisema pete inatembea na macho yalisema imesimama. Mimi nilikaribia kulia. Nafula alikunja uso, akaanza kuandika kitu chini ya jedwali lake.

Jioni hiyo nyumbani, baada ya ugali na sukuma, sahani zikiwa zimeondolewa na redio ikitangaza vifo, nilifungua kitabu cha majedwali juu ya meza ile ile na kuanza kupika. Niliuliza: mizani ya kulia ingesema ngapi ili mambo yalingane? Ili kulijua hilo ilinibidi nianze na uzito, niugawe, nirudi nyuma mpaka kwenye uzi. Nikapata nne nukta tatu. Nikafanya safu ya pili, na ya tatu. Na hapo mezani, nikiiba, zile sehemu mbili zikaanza kuonekana. Niliona kwamba uzi ukilala zaidi, sehemu ya kulala inakua na ya kusimama inapungua, na kwamba hakuna aliyeziweka pale, zilikuwepo. Nilifurahi mpaka nikamwita dada yangu aje aone, naye akaniambia nimalize, anataka meza ya kupigia pasi shati lake. Nikapunguza sehemu moja ya kumi kwenye safu ya mwisho, nikafuta namba moja na kuiandika upya. Mpaka leo watu wakiniuliza nilielewa fizikia lini, sijui niwaambie nini.

Madaftari yaliporudi, mimi nilikuwa na kumi na nane kati ya ishirini. Nafula alikuwa na saba. Chini ya jedwali lake alikuwa ameandika: "Mizani ya kulia inasoma pungufu, na uzito ukizidi inapunguza zaidi." Kando yake, kwa wino mwekundu, Mwalimu alikuwa ameandika: "Asiyejua kucheza husingizia uwanja. Nimeiangalia mizani hiyo, inasimama sifuri." Na kwenye madaftari yote mawili: "Meza moja, matokeo mawili. Jumatatu nitawaona, mmoja mmoja."

Ilikuwa Ijumaa. Saa ya chakula cha mchana nilikuwa nyuma ya jiko nikisuuza sahani yangu ya githeri kwenye mfereji, na upande wa pili wa ukuta wa mabati Bwana Otieno alikuwa akila na mpishi. Sikuwa nikidukua, lakini mabati hayana siri.

"Kuna kijana wa fomu foo alivuta ile springi mpaka ikalegea kama soksi," Bwana Otieno alikuwa akisema. "Nikakata mizunguko miwili ile iliharibika, nikapinda ndoano, nikairudisha ndani. Saa hii inasimama sifuri swafi kabisa."

"Na ikipima?" mpishi akauliza.

"Aah, ni watoto wanapima. Lakini Mutiso asijue. Akijua nimekata kitu ya shule, kazi imeisha."

Nilisimama pale maji yakinimwagikia viatu. Sikuelewa kwa nini kukata springi kungefanya isome pungufu, lakini nilielewa kwamba mwenzangu alikuwa ameandika ukweli na amepewa saba.

Jumamosi nikaenda kwao. Chumba chao Mukuru kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua, na ukutani walikuwa wamebandika kurasa za magazeti zilizopangwa kwa ustadi hivi kwamba habari moja ilianzia juu ya kitanda na kuishia nyuma ya mlango. Nafula alikuwa amepika ugali na mrenda. Mimi sikuwa nimewahi kula mboga hiyo ya utelezi. Kila nikichota ulinyoosha uzi kutoka sahanini mpaka kidevuni, na Nafula alicheka mpaka akaweka tonge chini. Nilimwambia niliyoyasikia. Akaacha kucheka.

"Springi fupi ni ngumu," akasema papo hapo. "Inakataa kuvutika. Bila kitu iko sifuri, ukiweka mzigo inasema kidogo. Si nilisema? Si niliandika?"

"Mwambie Mwalimu."

"Mimi? Mimi atasema nasingizia uwanja tena. Wewe uko na kumi na nane, Shiru. Wewe atakusikia."

Hakuna kati yetu aliyelitaja lile lingine: kwamba nikisema mizani ni mbovu, nitakuwa nimesema pia kwamba namba zangu nzuri hazikutoka kwenye mizani hiyo. Aliniongezea mrenda bila kuniuliza.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Apa."

"Haki ya Mungu," nikasema, na wakati ule nilimaanisha.

Jumatatu Mwalimu alimwita Nafula kwanza. Nilingoja kwenye ukumbi nje ya ofisi yake ndogo, nikisoma tangazo moja la mechi ya mpira tena na tena. Nafula alikaa kama dakika tano. Alipotoka, Mwalimu alikuwa tayari akiniita ndani, kwa hiyo alinikonyeza tu jicho na kunigusa bega, na uso wake ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyetua mzigo. Hilo lilinichanganya. Nilitarajia atoke akilia.

Ndani mlikuwa na kiti kimoja tu, na Mwalimu alikuwa amekikalia. Madaftari yetu mawili yalikuwa wazi mbele yake. Alinitazama, akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo.

"Wanjiru," akasema, maana yeye hakuwahi kuniita Shiru, "mizani hii uliyosoma wewe, uliiazima kutoka meza ya pili?"

Sikuelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kupika, nilikuwa nimejiandaa pia, Mungu anajua, kumweleza habari za springi. Hili la meza ya pili lilitoka wapi? Niliona mtego. Nilidhani kuna mtu wa meza ya pili aliyesema kitu, kwamba nikijibu ndiyo ataitwa huyo mtu na uongo wangu wote utafumuka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu niliiona imefika ukingoni.

"Hapana, Mwalimu," nikasema. "Ni ileile ya meza ya tatu."

"Una hakika?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Akanyamaza ile dakika yake. Nyuma yake, kupitia dirishani, nilimwona Bwana Otieno akipita na ndoo. "Na haikuwa na shida yoyote?" Mwalimu akauliza, polepole, na leo nadhani alitaka nimpe sababu ya kuinuka na kwenda kuipima. Mdomo wangu ulifunguka. Nilikuwa na maneno yote tayari: imekatwa mizunguko miwili, inasimama sifuri lakini inadanganya. Niliwaza kumi na nane yangu. Niliwaza kusikia fizikia kwa redio. Niliwaza Bwana Otieno pia, lakini sitajidanganya, huyo nilimwaza mwisho.

"Haikuwa na shida, Mwalimu."

Akalifunga daftari la Nafula taratibu, akalisukuma pembeni. Nilimwona amehuzunika, nami sikujua amehuzunikia nini. "Basi," akasema. "Enda darasani."

Nafula alikuwa akinisubiri karibu na mfereji. "Umemwambia?"

"Nimemwambia," nikasema. "Hakutaka kusikia. Amesema nakutetea kwa sababu wewe ni rafiki yangu."

Aligeuka akautazama mlango wa ofisi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huyo odijo, huyo mwalimu wetu, ni mbaya sana, Shiru. Sikujua ni mbaya hivyo." Na akanikumbatia, akanishukuru. Nimewahi kupigwa, nimewahi kutukanwa mbele za watu, lakini sijawahi kuumizwa na kitu kama shukrani ile.

Orodha ya ishirini ilibandikwa wiki ya mwisho ya muhula. Jina langu lilikuwa la tatu. La Nafula halikuwepo, na mwalimu wa darasa alituambia kwamba hakukatwa kwa sababu ya alama, ila kwa sababu ya tabia. Hatukuelewa ni tabia gani. Nafula alisema ni njama tu ya yule mzee, na tangu siku hiyo hakumwamkia tena, hata wakipishana mlangoni. Muhula wa tatu, saa ya fizikia ilipofika, yeye na wenzake walichukua vitabu vyao wakaenda chumba cha jiografia, nami nikabaki meza ya tatu na mwenzangu mpya. Mizani ile ya kulia ilikuwa bado pale. Kila nilipoishika nilijumlisha kimoyomoyo sehemu iliyokuwa ikiiba, nikaandika namba sahihi, na Mwalimu akaniwekea alama za vema. Tuliendelea kutembea pamoja na Nafula baada ya shule mpaka njia panda yetu, tukila mahindi ya kuchoma, yeye akinieleza mambo ya wavulana, mimi nikimwitikia. Alimaliza shule, akauza nguo sokoni Gikomba, baadaye akasomea ukunga, na amewazalisha nusu ya watoto wa mtaa wake. Sio maisha mabaya. Hayakuwa ya umeme.

Sasa, kule Fedha, wenzetu walipoanza kubishana juu ya maua na picha ya marehemu, nilibeba vikombe jikoni, na Nafula akanifuata kunisaidia kuosha. Alipandisha mikono ya sweta. Nilimkabidhi kikombe cha kwanza, nikaona nikingoja cha pili sitasema.

"Nafula, sikumwambia."

"Hukumwambia nani?"

"Mwalimu. Ile ya mizani. Aliniuliza kama iko na shida, nikasema haina. Nilikudanganya pale mfereji."

Akaendelea kuosha kikombe kile kile. Nikaongea haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. Nikamwambia niliogopa, kwamba nilikuwa nimejiandaa kusema, kwamba Mwalimu alinichanganya na swali ambalo mpaka leo sijui alilitoa wapi. "Aliniuliza kama niliazima mizani ya meza ya pili. Nikaona ni mtego. Nikasema hapana, ni ileile."

Nafula akafunga mfereji.

"Ulisema hapana?"

"Nilisema hapana."

"Shiru, hilo swali lilitoka kwangu," akasema. Hakuinua sauti. "Aliniuliza kama umepika. Nikamwapia kwamba hukupika, kwamba ulipoona hesabu zinakataa uliazima mizani ya meza ya pili, ukapima upya nikikuangalia. Nilitaka upate pa kupitia. Useme tu ndiyo, halafu umwambie ile yetu imekatwa, na hakuna mtu angekugusa." Akajipangusa mikono kwenye sketi, kidole kimoja kimoja. "Kumbe yule mzee alinitoa kwa sababu alijua nimemdanganya. Na nilikuwa nimemdanganya."

Nilimwambia neno moja, nisamehe. Nililisema mara mbili. Alikuwa akitazama vikombe vilivyobaki kama mtu anayejaribu kukumbuka vilikuwa vya nani.

"Miaka yote hii," akasema, "sijawahi kumwamkia."

Akashusha mikono ya sweta, akanipita, akarudi sebuleni. Nilimsikia akiwakatiza waliokuwa wakibishana juu ya maua, akauliza basi la mazishi linaondoka saa ngapi, na kama bado kuna nafasi ya mtu mmoja.